Mboga ya Pwani na Kijiko cha Chumvi

Katika lugha ya Kiswahili, mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Ni msemo wa heshima, nao huwafanya vijana wanyamaze mzee anaponena. Lakini katika zahanati na hospitali za Afrika Mashariki maneno yanayosikika siku hizi ni mengine. Waganga wanaonya kwamba mtu anayekula chumvi nyingi huenda asiufikie huo uzee unaosifiwa. Baina ya msemo wa wahenga na onyo la waganga pana suala zito linalozikabili serikali za nchi hizi, na hasa Kenya, ambayo viwanda vyake vya chumvi hulisha majiko ya nchi kadhaa jirani. Suala lenyewe ni hili: vipi chakula cha wananchi kipunguziwe chumvi ya kijiko, kisiwe chapwa, wala wananchi wasinyimwe madini ambayo miili yao inayahitaji?

Sehemu ya jawabu inaota bure kandokando ya bahari. Kuanzia Lamu mpaka Vanga, na kuendelea kusini hadi pwani ya Tanzania na visiwa vyake, nyuma ya mikoko na juu ya mchanga unaofikiwa na maji ya bamvua, kuna mmea unaotambaa wenye mashina mekundumekundu, majani manene yaliyojaa maji, na maua madogo ya rangi ya waridi. Kwa Kiswahili mmea huo huitwa mboga ya pwani. Jina hilo lenyewe ni ushahidi, kwa maana waliolitoa hawakuuita mmea huu gugu; waliuita mboga. Karibu nao, katika viwanja vyenye chumvi ambako hata nyasi hazioti, kuna mimea mingine isiyokuwa na majani ya kawaida, yenye vijiti vya kijani vilivyoungana pingili kwa pingili, ambayo wataalamu wa mimea huiita salikonia. Mimea ya jamii hizi huliwa katika nchi nyingi za dunia, nayo ina ladha ya chumvi kabla mpishi hajagusa kopo lake.

Kabla ya kupima faida ya mimea hiyo, yafaa kupima ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilieleza kwamba wastani wa dunia ni takriban gramu 10.8, yaani zaidi ya mara mbili ya kipimo. Vifo karibu 1,890,000 kila mwaka vinahusishwa na ulaji wa sodiamu iliyozidi. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi iletayo madhara. Katika kila gramu 100 za chumvi safi mna gramu 39 za sodiamu. Ikizidi mwilini, huvuta maji yakazidi katika damu, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kubwa kuliko desturi. Mambo hayo yakiendelea kwa miaka, mwisho wake ni kiharusi, moyo kushindwa na kazi, au figo kuharibika.

Nchini Kenya uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani. Maradhi haya hayana kelele. Mkulima huenda shambani, mvuvi huenda baharini, mama huenda sokoni, kila mmoja akijiona mzima, mpaka siku moja mkono unakufa ganzi na ulimi unashindwa kusema. Na ikumbukwe kwamba hali ya nchi jirani haina tofauti kubwa. Chumvi iliyo katika chungu cha Kisumu ndiyo iliyo katika chungu cha Kampala, na mazoea ya wapishi yanafanana.

Mazoea hayo yana historia yake, na haifai kuyabeza. Kwa karne nyingi watu wa bara walikuwa na njaa ya chumvi, si shibe yake. Nchini Uganda, chumvi ya Ziwa Katwe ilisafirishwa mbali kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Na kule Kibiro, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, wanawake wamekuwa wakikwangua udongo wa chumvi, kuuchuja kwa maji na kuyachemsha maji hayo mpaka yakakauka. Nchini Tanzania, chemchemi za Uvinza zilivuta watu wa makabila mengi. Mahali palipokosa ziwa wala chemchemi, watu waliigeukia mimea. Kandokando ya Ziwa Chad ilichomwa miti, ukiwamo mswaki, na majivu yake yakachujwa ili kupata chumvi. Magharibi mwa Kenya, mpaka leo wako wapishi wanaochuja majivu ya maganda ya maharage na kutumia maji yake kulainishia mboga za kienyeji. Kwa hiyo wazo la kutafuta ladha na madini ya chumvi katika mimea halikuletwa na wageni. Ni elimu ya wenyeji, nayo ilianza kufifia pale chumvi ya dukani ilipokuwa rahisi kuipata kwa kila mtu.

Urahisi huo ni neema, lakini umegeuza mambo. Kitu ambacho babu alikipima kwa ncha ya kidole, mjukuu hukimwaga kwa kijiko. Katika nchi za viwanda chumvi nyingi hufika mwilini ikiwa imejificha ndani ya vyakula vya makopo. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa hutiwa na mkono wa mtu mwenyewe, chunguni au mezani. Chipsi hunyunyiziwa, kachumbari huongezwa, samaki wa ng'onda huja na chumvi yake, kisha juu ya hayo hutiwa vidonge vya kuungia mchuzi. Ndiyo maana badiliko lolote la maana katika nchi hizi lazima lianzie jikoni.

Hapa ndipo mimea ya pwani inapopata nafasi yake. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mazao mengi ya kawaida yakinyweshewa maji hayo hufa. Chumvi iliyo nje ya mizizi huyazuia maji yasiingie, na ile inayopenya huunguza majani. Lakini mimea ya pwani imejifunza kuishi na adui huyo. Mchu huitoa chumvi nje kwa njia ya majani yake, na mtu akililamba jani hilo hutambua mara moja. Mboga ya pwani na salikonia hufanya vingine: huipokea chumvi na kuifungia ndani ya vijifuko vidogo katika majani na mashina, na kwa nguvu ya chumvi hiyo huvuta maji. Hiyo ndiyo sababu ya unene wake. Kwa maneno mengine, mmea huu ni chumvi iliyochanganywa na maji, nyuzinyuzi, potasiamu, magnesi, kalisi na vitamini. Chumvi ya dukani haina mchanganyiko huo. Ni chumvi tu.

Mataifa mengine yamekwisha kuitambua thamani hiyo. Nchini Uingereza, Ufaransa na Uholanzi, machipukizi ya salikonia huuzwa sokoni na huliwa pamoja na samaki. Nchini Korea ya Kusini mmea huo hukaushwa, husagwa na kutumiwa mahali pa chumvi. Nchini Ureno unga wake huuzwa kwa jina la chumvi ya kijani. Huko Ufilipino, mboga ya pwani, ile ile inayoota Kilifi na Tanga, hutiwa katika siki na kuwa achari. Mjini Dubai, kituo cha kimataifa cha kilimo cha ardhi na maji ya chumvi kilichoanzishwa mwaka 1999 kimeifanyia majaribio mimea ya namna hii, ili watu wa jangwani wapate chakula mahali ambapo maji matamu ni adimu.

Hata hivyo sifa zisiongezwe chumvi. Wako wafanyabiashara wanaotangaza kwamba unga wa mimea hii ni dawa, na kwamba anayeutumia hana haja ya kuogopa shinikizo la damu. Maneno hayo ni ya kupotosha. Sodiamu iliyo ndani ya mmea ni sodiamu ile ile iliyo ndani ya kopo. Gramu 100 za salikonia mbichi iliyokulia katika maji ya bahari zaweza kubeba karibu gramu moja ya sodiamu, ambayo ni nusu ya kipimo cha siku nzima. Unga wake uliokaushwa una sodiamu isiyofika nusu ya ile iliyo katika chumvi safi ya uzito ule ule. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini ni nafuu kwa yule tu anayetumia kiasi kile kile alichozoea au pungufu yake. Anayetia unga huo mara tatu zaidi kwa kuwa ameambiwa hauna madhara, amejidanganya mwenyewe.

Faida ya kupunguza si jambo la kukisia. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika vijiji 600 vya China, likiwahusisha watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wazee wenye shinikizo la juu la damu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa imeondolewa na mahali pake ikawekwa kloridi ya potasiamu. Baada ya muda wa wastani wa takriban miaka mitano, kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 katika vijiji vilivyopewa chumvi hiyo ya mchanganyiko, na vifo vilipungua pia. Hawakupewa dawa mpya wala hawakubadilishiwa chakula. Robo tu ya chumvi yao ilibadilishwa. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri chumvi za namna hiyo zitumike majumbani badala ya chumvi ya kawaida, isipokuwa kwa watoto, wajawazito na watu wenye maradhi ya figo.

Funzo lililomo humo kwa Afrika Mashariki ni la wazi. Haihitajiki chumvi ifutwe yote. Yatosha sehemu yake iondolewe. Na mboga yenye chumvi yake yenyewe yaweza kuifanya kazi hiyo pasipo kiwanda. Mpishi akichemsha mboga ya pwani kwa maji mengi, akayamwaga maji hayo, kisha akaichanganya na mchicha, kunde au majani ya maboga, akaitia tui la nazi, chungu chake hakihitaji chumvi nyingine. Maharage yaliyoungwa kwa majani machache ya mmea huu yana ladha kamili. Sharti ni moja tu, nalo ni kubwa: mboga hii iingie mahali pa kijiko. Ikiingia mboga na kijiko kikaendelea kama zamani, basi hapana kilichopatikana.

Liko sharti la pili ambalo serikali haziwezi kulipuuza, nalo ni madini joto. Katika sehemu nyingi za bara, hasa nyanda za juu ambako udongo una upungufu wa madini hayo, watu waliugua rovu, na watoto wa akina mama waliokosa madini joto walizaliwa wakiwa na upungufu wa akili na wa kimo. Maradhi hayo yamepigwa vita kwa njia rahisi ya kutia madini joto katika chumvi ya chakula. Viwanda vya pwani ya Kenya vimeshiriki katika kazi hiyo kwa muda mrefu, na kwa kuwa chumvi yao huvuka mipaka, faida imewafikia hata watu wa nchi jirani. Ni dhahiri kwamba mtu wa nyanda za juu akiitupa chumvi yenye madini joto na kushika unga wa mmea usiokuwa na madini hayo ya kutosha, atakuwa amekimbia moshi na kuingia motoni. Kwa sababu hiyo kauli ya wizara za afya yapasa iwe moja katika nchi zote: chumvi ipungue, na ile inayobaki iwe na madini joto. Wataalamu nao wapime upya kiasi cha madini hayo kinachotiwa, ili mtu anayekula chumvi kidogo asikose haki yake.

Sharti la tatu ni usafi na tahadhari. Mimea inayovuta chumvi kutoka ardhini huweza pia kuvuta madini ya sumu, kama risasi na kadimi. Mboga iliyochumwa karibu na bandari, mfereji wa maji machafu au jaa la taka haifai kuliwa, hata ikiwa inapendeza kwa macho. Mboga ya pwani ina asidi ya oksaliki, ambayo ikizidi huweza kuleta mawe katika figo; ndiyo sababu ya kuichemsha na kuyamwaga maji. Na mgonjwa wa figo asiitumie mimea hii kwa wingi pasipo shauri la mganga, kwa kuwa potasiamu inayomfaa mtu mzima yaweza kumdhuru yeye.

Tukiyaacha ya chungu, liko suala la ardhi. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu hekta bilioni 1.4 za ardhi duniani, zaidi ya sehemu moja katika kumi ya ardhi yote, zimeathiriwa na chumvi. Afrika Mashariki inayo sehemu yake katika hasara hiyo. Katika delta ya Mto Tana, maji ya bahari yamekuwa yakipanda mtoni na kuingia katika mashamba ya mpunga, na wakulima wa Ozi na Kipini wanaijua hasara hiyo. Visiwani Unguja na Pemba nako yapo mabonde ya mpunga yaliyovamiwa na maji ya chumvi. Shamba la namna hiyo huhesabiwa kuwa limekufa. Lakini kwa mimea hii shamba hilo bado ni hai. Kipande cha shina la mboga ya pwani kikichomekwa katika udongo wenye chumvi hutoa mizizi kwenye vifundo vyake na kuanza kutambaa. Hakihitaji mbegu ya kununua.

Ni katika ukanda huo huo wa pwani, kutoka Ngomeni kupita Gongoni hadi Marereni, ambako Kenya huvukiza maji ya bahari katika mabwawa mapana ili kupata chumvi. Kazi hiyo imeleta ajira na bidhaa muhimu, lakini pia imeleta malalamiko. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti baada ya kusikiliza hadharani madai ya wakazi wa Magarini juu ya ardhi waliyoondolewa, mikoko iliyoharibiwa na visima vilivyoingiwa na chumvi. Katika mahali kama hapo kilimo cha mimea ya chumvi kina maana maalumu. Chaweza kuwapa wakazi pato kutokana na ardhi iliyoharibika, au, kikiendeshwa vibaya, kiwe kisingizio kipya cha kuwaondoa katika ile iliyosalia.

Mfano wa kutafakari uko kaskazini, nchini Eritrea. Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na bandari ya Massawa, ulianzishwa mradi mkubwa wa kilimo cha maji ya bahari chini ya uongozi wa mtaalamu wa Kimarekani, Carl Hodges, kwa ushirikiano na serikali ya nchi hiyo. Maji ya Bahari ya Shamu yaliletwa kwa mfereji. Kwanza yalifuga kamba, kisha samaki, halafu maji hayo yenye rutuba ya kinyesi yalinywesha mashamba ya salikonia na miti ya mikoko. Msingi wa kitaalamu ulikuwa imara. Majaribio yaliyofanywa kwa miaka sita katika pwani ya Mexico na kutangazwa mwaka 1991 yalikuwa yamethibitisha kwamba salikonia iliyonyweshewa maji ya bahari hutoa mbegu zenye mafuta kati ya asilimia 26 na 33. Mradi wa Massawa uliajiri mamia ya watu na kuuza kamba nchi za nje. Hata hivyo mwaka 2003 ulisimama.

Katika pwani hiyo hiyo, kijijini Hargigo, mwanasayansi mwingine wa Kimarekani, Gordon Sato, alishika njia nyingine. Yeye na wanakijiji walipanda mikoko katika ufuko mkavu, wakiilisha miche kwa vifurushi vidogo vya mbolea vilivyotobolewa, na majani ya miti hiyo wakawalisha mbuzi na kondoo. Hapakuwa na mtambo wala mfereji mrefu. Miradi hiyo miwili yafundisha kwamba sayansi njema haitoshi. Mradi unaotegemea mtaji mkubwa na soko la mbali huweza kusimama siku moja na kuwaacha wafanyakazi wake mikono mitupu; bali ufundi ambao mwanakijiji anaweza kuushika kwa mikono yake, hubaki naye hata mtaalamu akiondoka.

Funzo hilo halihitaji kuvukiwa bahari, kwa maana wakulima wa mwani wanalo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na baadaye kikaenea hadi Kibuyuni, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Wanawake wa pwani wamekifanya kwa bidii kubwa, wakisimama majini tangu asubuhi. Lakini kwa miaka mingi mwani mkavu umeuzwa nje kwa bei ndogo, na bidhaa ghali zikatengenezwa huko ulikopelekwa. Kama mboga ya pwani nayo itakusanywa na wanawake wa Kenya na Tanzania, ikasagwa Ulaya, kisha ikarudi katika chupa ndogo yenye bei ya kutisha, basi kosa lile litakuwa limerudiwa kwa macho makavu.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo nchi jirani zingefaa kuyafanya kwa pamoja, kwa kuwa pwani ni moja, na mmea haujui mpaka wa Vanga na Horohoro. Taasisi za utafiti wa kilimo na wa bahari za Kenya na Tanzania zingefaa kuipima mimea hii: ina sodiamu kiasi gani, potasiamu kiasi gani, na madini ya sumu kiasi gani, kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Vipimo vikishapatikana, mabwana na mabibi shamba wapelekewe, na akina mama wa vijiji vya pwani wafundishwe namna ya kupanda, kuchuma na kukausha. Kilimo chenyewe kiwekwe katika ardhi iliyokwisha kuingiwa na chumvi. Maji ya bahari yasipelekwe kwenye shamba zuri wala karibu na kisima cha maji matamu, na mikoko isikatwe hata mti mmoja kwa kisingizio cha mboga. Haki ya ardhi na ya elimu ya wenyeji iandikwe mapema, kabla mnunuzi hajafika na karatasi zake.

Wako watakaouliza kama hayo yote yanastahili jitihada kubwa hivyo, wakati ambapo mtu anaweza kuambiwa tu apunguze chumvi. Jibu ni kwamba ameambiwa kwa muda mrefu. Mwaka 2013 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliahidi kupunguza ulaji wa chumvi kwa asilimia 30 kufikia mwaka 2025, na ripoti ya mwaka 2023 ilikiri kwamba dunia ilikuwa mbali na lengo hilo. Kumwambia mtu aache kitu pasipo kumwonyesha badala yake ni sawa na kumnyang'anya. Mtu hula kwa ulimi kabla ya kula kwa akili, na chakula kisichokolea hurudishwa jikoni. Mmea unaokoleza chungu, ukaleta pamoja na ladha hiyo madini mengine na nyuzinyuzi, unampa mpishi kitu cha kushika mkononi anapokiweka chini kijiko.

Kenya inayo pwani, inayo viwanda vya chumvi, na inayo taasisi za utafiti. Tanzania inayo pwani ndefu zaidi, na elimu ya mwani iliyopatikana kwa jasho. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, lakini zinayo maslahi makubwa katika kila kinachoamuliwa juu ya chumvi ya pwani, kwa kuwa ndiyo wanayokula watu wao. Ikiwa nchi hizi zitashirikiana, mboga iliyopewa jina na mababu yaweza kurudi chunguni ikiwa na vipimo vya wataalamu na ulinzi wa sheria. Zikiiacha, wengine watakuja kuichukua, na wagonjwa wa shinikizo la damu wataendelea kujazana katika wodi. Ni haki ya kila mwananchi wa Afrika Mashariki kufikia umri wa kuambiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Ili aufikie umri huo, hana budi kuanza leo kuila kidogo.